Bomba Ndani ya Bomba

Kila alasiri akitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, Patasi alipitia karakana ya baba yake. Kazi yake ilikuwa kufagia maranda, yale maganda membamba ya mbao yanayojikunja chini ya meza ya seremala. Jina lake halisi lilitumika shuleni tu, mwalimu alipoita mahudhurio. Kwingine kote alikuwa Patasi, kama ile zana ya kuchongea mbao, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na mkali wa akili, na hakuna kona ya nyumba ile ambayo hakuwahi kuichokonoa.

Akimaliza kufagia, baba alimwita akague kazi. Seremala yule alikuwa na tepu, timazi na pimamaji, lakini kipimo alichokiamini kuliko vyote kilikuwa ukucha. Alipounganisha mbao mbili, alimwambia binti yake apitishe ukucha juu ya kiungo. Ukucha ukiteleza, kazi imepita. Ukucha ukizama hata kidogo, kiungo kinabomolewa na kuanzwa upya, hata kama mwenye meza yake amesimama mlangoni amenuna.

"Umeona mwanya?" baba aliuliza siku ile.

Patasi alipitisha ukucha polepole, amefumba macho. "Hakuna, baba."

"Hakuna kabisa?"

"Hata mchwa angekosa pa kuingilia."

Baba alicheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni. Hakuna sifa aliyoipenda kuliko hiyo. Nyumba waliyoishi aliijenga kwa mikono yake, yote ya mbao, na alipenda kuwaambia wageni watafute mwanya wa kupitisha uzi. Wageni walitafuta kwa adabu, wakashindwa, wakapewa chai.

Hata hivyo baridi ilikuwepo. Mji wao ulikuwa juu vilimani, na msimu wa ukungu ulipoanza watu walilala na soksi. Mwaka huo baridi iliwatia hofu kuliko miaka mingine kwa sababu ya Bibi, mama yake baba. Alikuwa amelazwa hospitali kwa ugonjwa wa kifua kwa muda mrefu. Sasa daktari alikuwa tayari kumruhusu aje kuishi nao, ila kwa sharti. Bibi akae kwenye chumba chenye joto, na asivute tena moshi wa kuni wala wa mkaa. Kifua kile, daktari alisema, hakitavumilia mara nyingine.

Familia ikakata shauri kuweka meko ya gesi ya kuotea moto katika chumba cha mbele, ambacho kingekuwa cha Bibi. Fundi hawakumtafuta mbali. Shangazi, mdogo wake baba, alikuwa fundi wa gesi, na mji mzima ulimjua kwa ukali wake kazini na vicheko vyake baada ya kazi.

Alifika na gari dogo la mizigo, amevaa ovaroli ya bluu yenye mifuko mingi kuliko nguo zote za Patasi zikijumlishwa. Alishusha meko kwanza, sanduku la chuma lenye kioo kizito mbele. Kisha akashusha bomba jipya linalong'aa. Patasi alilichungulia kama darubini, akaduwaa. Ndani ya bomba lile kulikuwa na bomba jingine, jembamba zaidi.

"Shangazi, hawa wa kiwandani wamekosea! Wameweka bomba ndani ya bomba."

Shangazi aliangua kicheko. "Hawajakosea, mwanangu. Hebu niambie, ukikimbia mbio unafanya nini?"

"Nahema."

"Unaingiza hewa safi, unatoa chafu. Basi moto nao unahema. Ukiunyima hewa, unakufa. Sasa hiki kioo kimefungwa kabisa, hakipitishi kitu. Moto wa humu hauigusi hewa ya chumbani. Unavuta hewa ya nje kupitia hili bomba kubwa, na hewa iliyoungua inatoka kupitia hili dogo la ndani."

"Kwa wakati mmoja?"

"Kwa wakati mmoja. Zinapishana humo humo, moja inaingia, nyingine inatoka, na hazigusani."

Patasi alijaribu kuvuta na kutoa pumzi kwa wakati mmoja, akapaliwa. Alipomaliza kukohoa alilichungulia bomba tena kwa muda mrefu. Siku zote alidhani moto ni kitu cha kuwaka na kuzimika tu. Sasa aliambiwa una pumzi, na pumzi hiyo ina njia zake mbili, na mtu fulani aliketi mahali akafikiria jinsi ya kuzitengeneza. Jambo hilo lilimshangaza kiasi kwamba alisahau kuulizia chai.

"Na hiyo inayotoka ikirudi ndani je?" aliuliza.

Shangazi aliacha kucheka. "Ndiyo sababu ya kanuni zote hizi. Hewa iliyoungua inaweza kubeba sumu, inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu amelala, inaingia, hasikii chochote. Wengine hawaamki."

Baba alikuwa ameshachora ukutani kwa penseli mahali pa kutokea bomba, karibu na dirisha. Shangazi alipima kutoka dirishani hadi kwenye alama, akatikisa kichwa.

"Kaka, hapa hapafai."

"Hapafai vipi? Si ndipo panapopendeza?"

"Panapendeza, sikatai. Lakini mama akifungua dirisha, hewa chafu inarudi moja kwa moja kitandani kwake. Bomba linatakiwa litokee mbali na dirisha, mbali na mlango, mbali na mahali watu wanapokaa. Tulisogeze kule."

"Ninyi watu wa gesi mna masharti kuliko waganga," baba alinung'unika.

"Sawa. Na mama tunaye mmoja."

Baba akachukua kitambaa, akaifuta alama yake.

Kesho yake asubuhi, Patasi akiwa shuleni, Shangazi alikata tundu ukutani na kulipitisha bomba. Patasi aliporudi, mkaguzi wa majengo alikuwa amefika, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Alikuwa ameshamaliza kumulika ukutani na sasa alirudisha tochi mfukoni. Aliweka pimamaji juu ya bomba kuhakikisha linapanda kidogo kuelekea nje. Akabonyeza kifaa cheupe ambacho Shangazi alikipachika ukutani, kikapiga kelele ya kuamsha mtaa, maana kazi yake ni kulia sumu ikiingia chumbani. Mwisho akachukua brashi na maji ya sabuni, akapaka kila kiungo cha bomba la gesi.

"Anaosha?" Patasi alinong'ona.

"Anatafuta mapovu," Shangazi alimjibu. "Gesi ikivuja hata kidogo, sabuni inatoa mapovu."

Wote walisimama wakiangalia sabuni. Patasi hakuwahi kuona watu wazima wametulia namna ile mbele ya sabuni. Povu halikutokea.

"Imepita," mkaguzi alisema. "Mnaweza kufunga." Akaaga, akaenda zake.

Kilichobaki kilikuwa bamba la chuma la kufunika tundu kwa upande wa ndani. Kabla Shangazi hajaligusa, simu yake iliita. Kwenye kiwanda cha mikate gesi ilikuwa inavuja na wafanyakazi wote wametolewa nje. Akakusanya vifaa vyake haraka haraka.

"Kaka, bamba ufunge wewe mwenyewe. Na ukumbuke nilichokuambia asubuhi."

"Nimekumbuka. Nenda, nenda."

Gari la Shangazi halijapinda hata kona, mteja mmoja akaingia kufuata kabati lake, naye alikuwa na haraka ya kutisha. Baba alitazama kabati, akatazama bamba, akampa binti yake bisibisi.

"Skrubu nne tu hizi. Mkono wako naujua."

Patasi alipanda kwenye stuli, amejaa fahari. Alipoinua bamba, upepo mwembamba wa baridi ulimpiga shavuni. Akachungulia. Bomba lilipita katikati ya tundu, na tundu lilikuwa kubwa kuliko bomba. Pande zote, juu, chini, kushoto na kulia, kulikuwa na mwanya. Mwanya mpana wa kuingiza kidole! Ndani ya nyumba ya baba yake!

Alishtuka kana kwamba ameona nyoka. Alifikiri kwamba Shangazi ni hodari wa gesi lakini si seremala, na haraka za simu zimemfanya aache kazi nusu. Kisha akamfikiria Bibi, na kile kifua chake, na upepo ule ukimpiga usiku kucha. Aliteremka, akakimbilia karakana, akarudi na vibanzi vya mbao, maranda na kisu kidogo.

Alifanya kazi ile kwa upendo. Alichonga kila kibanzi kikae mahali pake, akashindilia maranda nyuma yake, akaziba mpaka upepo ukakatika. Mwisho alipitisha ukucha kulizunguka bomba lote. Ukucha uliteleza. Akafunga bamba, akakaza skrubu nne, akasimama kuitazama kazi yake huku moyo umemjaa. Hakumwambia mtu. Alitaka Bibi ahisi joto lenyewe, halafu siku moja yeye Patasi amwambie kwa utani, kama walivyozoea kuitana, hiyo ni kazi yangu, mke mwenzangu.

Jumamosi asubuhi mama alikwenda hospitali kumchukua Bibi. Shangazi alikuja kuwasha meko, na kwa kuwa Bibi hakuwa amefika, alikaa sebuleni kunywa chai. Redio naye alikuwepo. Huyu alikuwa msichana wa nyumba ya jirani, rafiki mkubwa wa Patasi. Aliitwa hivyo kwa sababu habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, mchana mtaa mzima umeisikia.

"Shangazi, hebu tuonyeshe zile zana zako," Redio alisema, mkono tayari uko ndani ya mkoba. Akatoa kipande cha mbao. Upande mmoja kilikuwa cheupe na kizuri. Upande wa pili kilikuwa cheusi tititi, kimepasukapasuka. Redio alipokigusa, masizi yakabaki kidoleni.

"Mkaa huu," Redio alisema. "Kiliungulia jikoni?"

Shangazi aliweka kikombe chini. "Hicho hakijawahi kuguswa na moto hata siku moja."

Wasichana walimtazama.

"Ni kweli. Nilikitoa ndani ya ukuta wa nyumba ya watu. Kilikaa karibu na bomba kama hili lenu. Mtu mmoja aliona mwanya kati ya bomba na mbao, hakuupenda, akauziba. Basi kila jioni wakiwasha moto, bomba linapata joto, na joto halina pa kwenda. Linaingia kwenye mbao. Mbao inakauka, inabadilika rangi, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Inageuka mkaa humo humo gizani bila hata cheche. Ikishafika hapo, siku moja inawaka yenyewe."

"Na wenye nyumba?" Redio aliuliza. Sauti ilikuwa imempungua.

"Walikuwa wanakula chakula cha jioni mbele yake kila siku. Nilipolifungua bamba na kuona ukuta umekuwa hivi, nilikata kipande hiki. Tangu hapo natembea nacho. Mteja akiniambia nafanya kazi polepole, namwonyesha."

"Kwa hiyo mwanya..." Patasi alianza, akakwama.

"Mwanya ndio mlinzi. Hewa tupu, basi. Bomba halitakiwi kushikana na mbao popote, na pale katikati hapajazwi kitu."

Patasi alikitazama kile kipande cheusi. Ilimstaajabisha na kumtisha kwamba joto linaweza kufanya kazi ndani ya ukuta miaka na miaka, kimya kabisa, na watu wanakula. Akamvuta Redio mkono wakatoka nje, nyuma ya nyumba, akamweleza yote.

Redio alitumbua macho. Kisha akatazama kushoto na kulia. "Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Mkaguzi ameshapita. Shangazi atakukaanga mzimamzima, na baba yako ndiyo usiseme. Tena Bibi anaweza kurudishwa hospitali kwa ajili yako. Si amesema inachukua miaka? Tutakuja kuvitoa siku nyingine."

"Wewe unayetangaza mpaka ndoto zako, leo unaniambia ninyamaze?"

"Nakuonea huruma."

Patasi hakupata nafasi ya kujibu. Honi ililia barabarani. Bibi alikuwa amefika.

Alishuka taratibu, mama amemshika mkono. Alikuwa amekonda mpaka koti lilionekana limetundikwa kwenye msumari. Macho yake tu ndiyo yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Huyo seremala wetu mmemlisha nini mbona hajaja kunipokea?" Alianza kucheka, lakini kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkamata mpaka akalazimika kusimama mlangoni. Baba alitoka karakana mbio na vumbi lake lote. Patasi alisimama amekumbatia mto wa Bibi, anasikia kile kifua kikilia.

Walimkalisha kwenye kiti chake kando ya meko. Bibi alivuta shali, akaegemeza kichwa kwenye ukuta wa mbao nyuma yake, chini kabisa ya lile bamba la chuma. Akafumba macho kidogo, akayafumbua.

"Haya, mnasubiri nini? Washeni nione huo moto wa kwenye kioo. Wenzangu wodini hawakuniamini."

Shangazi alipiga magoti, akafungua gesi, akaweka kidole kwenye kitufe cha kuwashia. Baba alisimama amefunga mikono kifuani. Redio alimbana Patasi mkono na kumkazia macho.

Patasi alikitazama kichwa cha Bibi, nywele nyeupe juu ya mbao nyeupe. Akaiona mbao ile ikigeuka nyeusi.

"Usiwashe!"

Sauti yake mwenyewe ilimshtua. Wote waligeuka.

"Shangazi, usiwashe. Nimeuziba."

"Umeziba nini?"

"Mwanya. Nimeuziba wote. Kwa vibanzi na maranda." Machozi yalishaanza kushuka, lakini alijikaza akaendelea. "Upepo ulikuwa unaingia. Nilifikiri mmesahau. Nilitaka Bibi asipigwe na baridi."

Redio alikuwa anatazama dari kama mtu aliyepita tu njia. Shangazi aliondoa kidole kwenye kitufe, akafunga gesi kwanza, kisha akakaa chini sakafuni na kumtazama kaka yake.

"Kaka, nilisema ufunge wewe mwenyewe."

"Ulisema."

"Na nilisema pale pasijazwe kitu."

"Ulisema, dada. Mteja alikuja, nikampa mtoto bisibisi. Sikumwambia." Baba alijikuna kidevu, akakosa pa kutazama. "Kosa hili tumelifanya wawili. Tena mimi ndiye niliyelianza."

Bibi alihamishiwa upande wa pili wa chumba, amefunikwa blanketi. Baba alipanda kwenye stuli na kufungua skrubu nne. Bamba lilipotoka, alichungulia. Aliinua mkono, akapitisha ukucha juu ya vibanzi kulizunguka bomba lote. Uliteleza. Alijaribu kung'oa kibanzi kimoja kwa vidole, kikagoma. Ikabidi aombe patasi ya chuma.

"Mwanangu," alisema bila kugeuka, "katika kazi zote ulizowahi kufanya, hii ndiyo safi kuliko zote."

Patasi alilia zaidi.

"Nimekufundisha kuziba mianya tangu ulipojifunza kutembea. Sikukufundisha kwamba iko mianya ya kuachwa. Nami nimeijua juzijuzi tu." Vibanzi vilianza kuanguka sakafuni kimoja kimoja, na maranda yakafuata. Upepo mwembamba ukarudi.

Kila kitu kilipotoka, Shangazi aliingiza tochi na kuchungulia pande zote mpaka akaridhika. Kisha akamwita Patasi juu ya stuli.

"Baba yako anapima kwa ukucha. Mimi napima kwa kidole. Kiingize, ukizungushe pole pole."

Patasi aliingiza kidole kati ya bomba na mbao, akakizungusha juu, akashuka kulia, akapita chini, akapanda kushoto mpaka alipoanzia. Hakikukwama popote.

"Kimegusa nini hapo katikati?"

"Hakuna kitu, Shangazi. Hewa tu."

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Haya, funga bamba."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mkono wako si tunaujua?"

Akalifunga, Shangazi akikagua kila skrubu. Mara hii, alipohisi ule upepo shavuni, hakuuchukia.

Shangazi akafungua gesi tena na kubonyeza kitufe. Tak, tak, tak. Moto ulitokea, mfupi na wa bluu, ukakimbia mstari mmoja kutoka upande huu hadi upande ule. Kwa dakika kadhaa ulikaa hivyo, kana kwamba unajifikiria. Kisha ukaanza kurefuka na kupata rangi ya dhahabu, ukainuka na kushuka taratibu nyuma ya kioo. Hakukuwa na moshi wala harufu. Joto lilikuja polepole, likawafikia magotini, kisha mikononi, kisha usoni. Wote waliukodolea macho moto ule. Hata mama, ambaye siku zote ana kitu jikoni, alisahau kwamba ana kitu jikoni.

"Twende nje," Shangazi aliwanong'oneza wasichana.

Walisimama mbali na ukuta, kwa kuwa Shangazi aliwakataza kusogea, maana mdomo wa bomba huwa moto wa kuunguza. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Kwenye kofia ya chuma iliyotokeza ukutani, mbali na dirisha la Bibi, mvuke mweupe ulikuwa unatoka, ukapotea hewani, ukatoka tena.

"Linahema," Redio alisema. Ilikuwa mara ya kwanza Patasi kumsikia akinong'ona.

Patasi alifungua mdomo, akatoa pumzi. Nayo ikatoka nyeupe kwenye baridi, sawasawa na ile ya bomba. Akarudia tena na tena, akitazama huku na huku, hajui acheke au alie. Nyumba aliyozaliwa ndani yake, aliyoifagia na kuipanda na kuikwaruza, ilikuwa imesimama pale inapumua.

"Shangazi, umenikasirikia?" Patasi aliuliza.

"Nimeogopa, ndiyo. Ningewasha na kuondoka, ningelala usingizi wangu." Shangazi alimshika bega. "Sikiliza. Mkaguzi aliuona ukuta ule, na mimi niliuona. Lakini bamba lilipofungwa, aliyejua kilichomo humo alikuwa mtu mmoja tu, na huyo ni wewe. Kazi yetu ndiyo ilivyo. Tunaifunika, tunaondoka, na watu wanalala mbele yake wakituamini. Kwa hiyo ukikuta kitu hukielewi, uliza kabla hujakirekebisha, hata kama unakirekebisha kwa upendo. Na ukishakosea, sema kabla moto haujawashwa. Leo umeona haya kwa dakika moja mbele yetu sote. Sasa linganisha dakika hiyo na kile kipande changu cheusi."

Redio alikohoa. "Mimi nilimwambia anyamaze," alisema, macho chini.

"Tangu uzaliwe hujawahi kutetea ukimya," Shangazi alisema, "na siku ya kwanza kuutetea ukachagua hii?"

Walirudi ndani wakicheka. Baba alikuwa anaokota vibanzi sakafuni. Kimoja alikitia mfuko wa shati, akasema atakitundika karakana, juu ya meza ya kazi, kimkumbushe kutoa maelezo kabla ya kutoa bisibisi. Kiti cha Bibi kilikuwa kimerudishwa mahali pake, naye alikuwa amefumba macho, kichwa ameegemeza ukutani.

Patasi alisogea kwa kunyata. Aliweka kiganja kwenye mbao, chini ya bamba. Hakukuwa na joto la kutisha. Ilikuwa mbao ya kawaida tu, ya nyumba yao. Akabaki amesimama hapo, kiganja ukutani.

"Mke mwenzangu," Bibi alisema, jicho moja limefunguka, "mbona umesimama kama askari wa zamu? Kaa uote moto."

"Nasikiliza, Bibi."

"Unasikiliza nini?"

"Mnavyohema. Wewe na moto."

Bibi alimtazama, akatazama meko, akaanza kucheka. Wote ndani ya chumba waligeuka wakasubiri kikohozi. Bibi alicheka mpaka kicheko chenyewe kikaisha, akapangusa macho kwa ncha ya shali, akavuta pumzi.